Kofia ya Ukuta Ulioinama

Saa nne usiku, Al-Khuwair. Kiyoyozi kinakohoa.
Kwenye skrini ukuta wa Bwana Hilal umeegemea nyuma
nyuzi sita, kama mtu aliyeshiba.
Ndivyo alivyotaka: nyumba ya Ibra yenye kuta za ngome,
nene chini, na kila zikipanda
zinajivuta ndani, zinalikwepa jua.

Ukuta nimeuchora. Haukunisumbua.
Kinachonisumbua ni kofia.

Naichagua kwenye orodha, naigusisha ukingo wa juu,
inakaa wima, kaidi,
haina habari kwamba aliye chini yake ameinama.
Nje inaning'inia. Ndani inazama.
Na taraza ya chini yake, ule ukanda mwembamba wa urembo,
ikifika pembeni haikutani na mwenzake;
zinapishana kama majirani waliogombana,
kati yao ufa, milimita tisa,
na ndani ya ufa ule weupe
wa mahali ambapo hakuna kitu.

Nakata pembe kwa nyuzi arobaini na tano, zile za shuleni.
Programu inakataa.
Arobaini na sita. Inakataa kwa adabu zaidi.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi ukuta sijajenga bado,
ufa tayari ninao.

Nyumbani Al-Khudh shangazi Thuwaiba hajalala,
anatia viua kwenye kofia ya mjukuu.
Namwambia, ukuta umekataa kofia.
Anacheka mpaka sindano inamponyoka.
"Umeupima kichwa, au umenunua dukani?"
Kisha anarudi kwenye tundu zake, hana zaidi la kunambia,
ananiuliza kama nimekula.

Nimenunua dukani.

Alfajiri naifuta kofia ya orodha.
Naukata ukuta kama mkate, nautazama ubavuni,
na hapo, juu ya ule ubavu ulioinama,
nachora umbo langu mwenyewe:
mgongo wenye mteremko kidogo wa kutupa maji,
mdomo wa kudondoshea, na tumbo
lililoinama nyuzi sita, sawasawa na mwenyeji wake.
Nalishika, nalivuta ukingoni kote,
kona, kona, kona, mpaka lilipoanzia.
Pembe inajifunga yenyewe.
Napima ufa: sifuri.
Napima tena, kwa kutoamini tu.

Wiki ya tatu niko Ibra, viatu vimejaa vumbi.
Motaleb, fundi wa kutoka Silheti, ananing'iniza timazi
kutoka juu ya ukuta, anapiga rula chini,
anatazama karatasi yangu, ananitazama mimi.
"Hapa sita," anasema. "Pale tano na nusu.
Kule, aliposimamia binamu yangu, saba."
Kofia yangu, iliyomwagwa kwa nyuzi sita kamili,
imekaa juu ya kuta zile, na pembeni
ufa umerudi.
Milimita tisa. Namjua kwa sura.

Motaleb hashangai. Anachota saruji.
(Nilikua nikidhani neno hili ni la Unguja,
mama alikuja nalo kwenye sanduku pamoja na vikoi,
kumbe lilikuwa huku siku zote, kwenye mifereji na minara,
watu wakilitamka saruj, bila kumngoja mtu.)
Anaijaza kwenye ufa, anaisukuma kwa kidole gumba,
anakiburuta kuufuata mwinamo,
tano na nusu ikiwa sita, sita ikiwa saba,
bila mtu kujua iligeukia wapi.

Ofisini wananitaka mchoro wa mwisho, wa kumbukumbu,
unaofanana na jengo lenyewe lilivyo.
Nafungua faili. Nakuza pembe, nakuza tena.
Sifuri imekaa pale, safi, haina alama ya mkono.
Naiacha hivyo. Pembeni mwa mchoro naandika:
hapa amepita Motaleb.
Kisha nafuta, kwa kuwa Mhandisi atauliza ni kipimo gani hicho.
Kisha naandika tena.